Panda, Ushuke

Kaka yangu Kalisti alihamia Mesquite kwa sababu hakuna mlima. Wengine hufuata kazi, wengine hufuata shule za watoto. Yeye alifuata ubapa. Alipofika Texas mara ya kwanza alisimama nje ya uwanja wa ndege, akageuka huku na huku, akaniambia, "Apolonia, hapa hata kichuguu hakuna. Hapa ndipo." Nikamcheka. Sikujua bado kwamba mtu anaweza kuikimbia ardhi iliyoinuka kama wengine wanavyokimbia wadai.

Sisi ni watu wa Marangu. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya kwetu anajua Marangu ni mahali gani: ni mlangoni. Wageni wanakuja na ndege zao na fedha zao, wanakodi makoti na viatu kwenye vibanda vya barabarani, wanapiga picha, wanapanda. Sisi tunabaki mlangoni. Kalisti alikuwa mpagazi, na mpagazi haendi kileleni. Anabeba mizigo ya wageni hadi kibanda cha mwisho, anawapikia chai, anangoja. Miaka yote hiyo amebeba masanduku kwa kichwa, theluji anaiona juu yake inang'aa, na hajawahi kuigusa. Mdogo wetu wa mwisho, Isack, yeye alipanda cheo, akawa msaidizi wa kiongozi. Yeye alifika juu.

Mama alikuwa na neno moja la kuwaaga. Wakitoka alfajiri, anasimama mgombani anawaambia, "Panda, ushuke." Basi. Hakuongeza dua nyingine, na kwetu hilo lilitosha.

Siku moja Isack alipanda na hakushuka kwa miguu yake. Dhoruba iliwakuta wakirudi, na koti lake lilikuwa la kuazima. Kalisti alikuwa kibanda cha mwisho na birika la chai mkononi. Walimleta kwenye machela ya gurudumu moja, ile inayogonga kila jiwe, na aliyeishika machela nyuma, tangu pale hadi chini, ni Kalisti. Tangu siku ile kaka yangu hakuutazama tena mlima. Asubuhi wazee wetu hugeuka kuelekea kilele cha Kibo na kumwomba Mungu. Yeye alikuwa anageukia ukuta.

Sasa niambie, mtu wa namna hiyo, binti yake wa pekee anakwenda kufanya kazi wapi?

Joyceline, mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, kwa hiyo nimemlea mimi kwa upande mmoja na Kalisti kwa upande mwingine. Alilelewa kati ya Mesquite kwa baba yake na kwangu Euless, na kote huko ni tambarare. Tukampeleka Houston kusomea uuguzi. Likizo moja marafiki zake wakamchukua kwenda New Mexico kuteleza kwenye theluji, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea, inategemea unamuuliza nani. Alirudi macho yamemtoka. Akamaliza mwaka ule, akafunga mabegi, akaenda kuishi kwenye mji mdogo huko milimani, akaajiriwa kwenye kikosi cha uokoaji.

Krismasi alikuja kutuambia. Ukoo wote ulikuwa sebuleni kwa Kalisti, sahani mapajani. Kalisti alimsikiliza hadi mwisho, akafuta mikono, akasema, "Nenda. Na mlima ukikumeza, usiletwe kwangu."

Ulimi uliponza kichwa, wanasema, lakini siku ile ulimi wa baba ulikiponza kichwa cha mwana. Kwetu neno la baba si upepo. Likitoka limetoka, na halirudishwi kwa simu wala kwa ujumbe wa WhatsApp wenye maua. Lazima mdomo uleule uliolisema uje ulifute mbele ya aliyeambiwa. Kalisti hakuja, na Joyceline hakurudi. Mwaka ukapita, na wa pili ukaingia.

Januari hii Joyceline akanipigia nikiwa kazini, kwenye jiko la chakula cha abiria wa ndege. Nikatoka na glavu zangu.

"Shangazi, I'm fine, sijaumia," akaanza, na hapo nikajua kuna jambo. "Theluji iliporomoka. Ilinifunika. Wenzangu walinichimbua haraka, niko sawa."

"Uko sawa sauti inatetemeka?"

Kisha akasema, "Kule chini kulikuwa na giza, Shangazi. Nilimsikia baba. Lile neno lake. Natakiwa kurudi kazini Jumamosi, na siwezi. Siogopi theluji. I know snow. Naogopa neno. Asipolifuta, sirudi juu tena. Nita-quit."

Zamu ilipoisha sikurudi Euless. Niliendesha moja kwa moja hadi Mesquite nikamkuta Kalisti ametoka kazini ghalani, bado na fulana yake ya kuendeshea foklifti. Nikamwambia kila kitu bila kukaa. Alisikiliza ameshika ukuta. Akatoka nje barazani, kwenye ndoo anamopanda masale yake, ile mimea ya majani marefu ambayo hakuna nyumba ya Mchaga isiyo nayo, akasimama pale muda mrefu.

Kwetu ukimkosea mtu, unamletea jani la isale. Ukishalileta, hawezi kukukatalia radhi, hata kama ulimuulia ng'ombe. Kaka yangu alikata jani moja zuri, akalifunga fundo. Kisha akaanza kupika mbege, pombe yetu, kwa ndizi mbivu za soko la Wameksiko na ulezi wa duka la Wahindi, maana neno baya hufutwa kwa mbege: aliyelisema anapiga funda, anampulizia mwenziwe kifuani, analiondoa. Mbege ilichacha Alhamisi, nasi Ijumaa alfajiri tukaondoka.

Sitaisimulia njia yote. Texas ni kubwa kupita adabu. Unaendesha, unaendesha, na bado ni Texas, na kushoto ni tambarare na kulia ni tambarare. Kalisti alikuwa ametulia kabisa. Isale alilikalisha mapajani limefungwa kitambaa chenye maji, dumu la mbege liko miguuni. Tukavuka mpaka wa New Mexico, na jua likiwa linaelekea magharibi, nikaona mawingu mbele.

"Mvua," nikasema.

"Si mvua," alisema Kalisti.

Sauti yake ilinifanya nimtazame. Alikuwa amejibana kwenye kiti. Nikatazama tena yale mawingu, na nywele zikanisimama, kwa sababu hayakuwa yakisogea. Ilikuwa milima. Si mmoja, kama wetu unaokaa peke yake kama mfalme. Ilikuwa ukoo mzima, umejipanga toka mwisho mmoja wa dunia hadi mwingine, mweupe, na jua limeugusa ukawa rangi ya waridi. Nilijikuta nasema "Ee Mungu" kwa Kichaga, lugha ambayo sijaitumia kusali tangu utoto. Nilipunguza mwendo. Malori yalinipita yakinipigia honi, na sikujali.

Mji wenyewe ni mtaa mmoja. Kituo cha mafuta, kanisa la zamani la udongo, mgahawa wa maharage na pilipili, na maduka ya kukodisha, moja baada ya jingine: viatu, makoti, miwani, mbao za kutelezea. Magari yenye namba za Texas yamejaa, watoto wanalilia chokoleti, baba zao wanapigana na mikanda ya mizigo juu ya paa. Na nyuma ya kaunta, wenyeji wa mji, wanapokea, wanapima miguu ya watu, wanawaonyesha njia ya kupanda. Mwanamke mmoja mzee alikuwa amekaa mlangoni kwa duka lake anawatazama wageni wakipita. Alikuwa na uso wa mama yangu. Sisemi sura, nasema uso: ule wa mtu aliyezaliwa mlangoni.

"Marangu," Kalisti akasema taratibu. Hata yeye aliona.

Joyceline amepanga kinyumba kidogo mwisho wa mtaa. Kalisti alikataa kuingia. Alisema mkosaji halali chini ya paa la aliyemkosea kabla ya radhi, na wala wasionane. Jambo hufanywa kama linavyofanywa nyumbani: jani linachomekwa langoni jioni, mwenye nyumba analiamkia asubuhi. Basi akashuka garini, akatembea kwenye ule weupe kwa viatu vyake vya ghalani, pole pole, mwendo wa kipagazi, nami nyuma yake nahema kama mbuzi mgonjwa, maana huko hewa yenyewe ni ya mgao. Akalichomeka isale kwenye theluji mbele ya mlango. Dumu la mbege akaliweka pembeni.

"Kaka, baridi," nikamwambia. "Hili jani la Mesquite."

"Isale haliogopi. Ukilichomeka popote linasimama."

"Linasimama Marangu."

"Apolonia, hayo ni mambo ya wazee, si mambo ya jokofu."

Akaenda kulala kwenye nyumba ya wageni, mimi nikaingia kwa Joyceline. Mtoto alinikumbatia akalia. Amekuwa mrefu, mabega ya kazi, na shavuni ana alama nyekundu aliyoachiwa na theluji. Nilimwambia asichungulie nje hadi kuche. Alitii, lakini alikaa ameelekea dirisha, mikono katikati ya magoti.

Kulipokucha alifungua mlango. Nilikuwa nyuma yake.

Isale lilikuwa limekufa. Lilikuwa jeusi, limelala kwenye theluji kama mchicha uliotolewa chunguni. Dumu la mbege lilikuwa limepasuka kutoka juu hadi chini, na mbege yenyewe imesimama humo, jiwe la kahawia. Na Kalisti alikuwa langoni, amekuja kwa radhi yake, kofia mkononi, anaangalia.

Walitazamana, baba na binti, kwa mara ya kwanza tangu ile Krismasi. Alikuwa amekonda, binti aliona. Alikuwa na kovu, baba aliona.

"Mlima umekataa," Kalisti akasema. Alisema kwa upole, kama mtu aliyepokea barua aliyoitarajia. "Umeniua tena." Akageuka kuelekea garini. "Nitarudi Mesquite nikakate jingine. Nipike tena."

"Zamu yangu ni leo, Baba," Joyceline akasema. Uso wake ulikuwa umekauka. Akanigeukia. "It's a sign, Shangazi. Basi. Nawapigia simu siendi."

Kama ni kulia, ningelia. Lakini mimi nikiumia nakasirika, ndivyo Mungu alivyoniumba, na pale nilikasirika hadi kizunguzungu cha ile hewa ya mlimani kikaisha.

"Nyinyi wawili nisikilizeni," nikasema. "Jani la nchi ya joto limewekwa nje kwenye barafu, limekufa. Hiyo si ishara, huo ni ukaidi! Mbege imeganda kwa sababu ni maji. Na wewe Kalisti." Alisimama. "Isack alikufa wewe ukimngojea kibandani. Hukuwa na kosa, hukuruhusiwa kupanda. Kwa huyu, nani amekukataza kupanda? Huyu naye utamngojea Mesquite?"

Nilipolisema nililiogopa mwenyewe. Hakuna aliyewahi kulitaja jina la Isack mbele yake kwa sauti ile. Kalisti aliinama akaliokota lile jani jeusi, akalikung'uta, akalitia mfukoni. Kisha akamwuliza binti yake, bila kumtazama, "Unapandia wapi?"

Tulipanda watatu. Wana vibanda vya vioo vinavyoning'inia kwenye waya, vinaitwa gondola, unaingia kinatembea chenyewe. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, mji ulikuwa chini yetu, mtaa wake mmoja, kanisa lake kama kiberiti, na misonobari imebeba theluji inapita chini ya miguu yetu kimya kimya. Kalisti alikuwa amepakata mikono. Tulipita kituo cha kwanza, wengine wakashuka, na akajiandaa kuinuka.

"Bado, Baba," Joyceline akamwambia. "Hapa si mwisho."

Akakaa tena. Nadhani maishani mwake hakuwahi kuambiwa hivyo.

Juu, mlango ulifunguka, tukatoka, na sina namna ya kulieleza ila nijaribu. Mbingu ilikuwa buluu hadi inauma. Theluji ilikuwa kila mahali, na haikuwa nyeupe tu: ndani yake kulikuwa na buluu na waridi na cheche ndogondogo, kama kuna mtu kapita akimwaga chumvi yenye moto. Milima ilikuwa chini yetu. Chini! Mgongo baada ya mgongo hadi macho yanachoka. Na palikuwa na ukimya ambao sikuwahi kuusikia, ukimya mkubwa, ulionifanya niongee kwa kunong'ona, mimi Apolonia ambaye kazini wananiita redio. Nilijiona mdogo, na sikuumia kuwa mdogo. Nilitaka kupiga magoti.

Kalisti alisimama kofia mkononi. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Kwa hiyo ndivyo palivyo," akasema. Baada ya muda akaongeza, "Isack alikuwa ananieleza. Nilikuwa namwambia anatia chumvi."

Joyceline alikuwa amekwenda kwenye kibanda cha kikosi chake. Alirudi amevaa koti jekundu lenye msalaba mweupe, anavuta kitu nyuma yake: machela ndefu ya kuteleza, laini chini kama mtumbwi, yenye blanketi, mikanda na mipini miwili mirefu mbele.

Kalisti aliitazama. Akaisogelea. Akainama akapitisha kiganja chini yake, akitafuta gurudumu.

"Haigongi?" akauliza.

"Hapana, Baba. Inateleza. Mgonjwa hasikii kitu."

"Na hili blanketi?"

"La kumpa joto. Tunamfunga hapa, na hapa. Mimi nashika mbele, nashuka naye hadi chini kwa daktari."

"Wewe peke yako?"

"Ndiyo. Ndiyo kazi yangu. Mtu akiumia huku juu, mimi ndiye namshusha." Akaongeza kwa sauti ndogo, "Sikuja kupanda, Baba. I thought you knew. Nilikuja kushusha watu."

Kalisti alishika mpini wa machela kwa mikono miwili, vilevile alivyoushika ule mwingine, na akatoa sauti ambayo nimeisikia mara moja tu, siku ile nyumbani, alipofika langoni kwa mama na mwili wa Isack. Nilitaka kumkimbilia. Joyceline aliniinulia mkono nisimame. Nadhani kazi ile imemfundisha kumwacha mtu alie.

Alipomaliza alitoa jani jeusi mfukoni. Fundo lilikuwa bado limeshika.

"Limekufa," akasema. "Lakini nililileta."

"Ulilileta," Joyceline akasema, akalipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama nilivyomfundisha. Akalitia ndani ya koti lake jekundu.

"Na mbege sina."

Kisha Kalisti akainama. Aliichota theluji kwa kiganja chake kikubwa cha ghalani, akaitazama karibu na uso, akaigeuza, akashangaa jinsi ilivyo nyepesi. Mzee wa miaka sitini, aliyezaliwa chini ya theluji, anaishika kwa mara ya kwanza. Akaitia kinywani. Alifumba macho hadi ikayeyuka. Akamfungulia binti yake zipu ya koti kidogo, akampulizia kifuani yale maji, kwa adabu, kama wazee wanavyofanya.

"Joyceline, binti yangu," akasema. "Neno nililolisema Krismasi halina mwenyewe. Limeyeyuka." Akaweka mkono kichwani pake, juu ya kofia yake ngumu ya kazi. Ilimchukua muda kulitoa lililobaki. Lilikuwa la mama yetu, na tangu Isack hakuna aliyelitamka katika ukoo wetu.

"Panda, ushuke."

Redio ya Joyceline ikakoroma begani mwake. Kuna mtu ameanguka kwenye mteremko wa kati, ameumia mguu. Alijifunga mbao zake, akashika mipini ya machela, akatutazama mara moja. Sikuona woga. Kisha akaondoka, koti jekundu kwenye ule weupe wote, anakata kushoto, anakata kulia, anakuwa mdogo, machela inamfuata bila kugonga kitu. Alisimama katikati ya mlima, akainama juu ya mtu. Tulimwona akimfunika. Wakaanza tena kushuka, wawili sasa.

Kalisti alinishika mkono. Alikuwa ananibana hadi mifupa inaniuma.

"Macho yangu yamejaa maji, sioni," akasema. "Angalia wewe, Apolonia. Usiache kuangalia. Amefika?"

"Bado."

"Sasa?"

Niliangalia hadi macho yakaniuma. Huko chini kabisa, karibu na mji, koti jekundu likasimama. Watu wakalikimbilia, wakampokea mgonjwa. Kisha lile koti likageuka kutazama juu, likainua mkono.

"Ameshuka, kaka," nikamwambia. "Ameshuka mzima."